Pua ya Fundi Rangi

Kijiko kilikuwa kinakwaruza chini ya kopo. Krr. Kimya. Krr tena, polepole, kama mtu anayeiba huku akikibembeleza kijiko kisimsaliti. Nje kulikuwa bado giza ingawa saa kumi na mbili na nusu ilishapita; katika mji ule wa baridi jua lilikuwa vivu kuliko watu. Fundi rangi aliinua kichwa kutoka kwenye mto, akasikiliza. Masikio yake yalikuwa mazima. Akawasha taa.

Binti yake wa miaka sita, ambaye kila mtu alimwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake, alikuwa amechuchumaa chini ya meza, kopo la sukari katikati ya magoti, kijiko mdomoni.

"Unafanya nini huko?"

"Sifanyi kitu."

"Chiriku."

"Nilikuwa na njaa kidogo tu."

"Njaa! Jana nimekupakulia sahani nzima, ukala vijiko viwili, ukasema umeshiba."

"Nilishiba," alisema mtoto akilamba sukari kwenye kona ya mdomo. "Halafu nikashibuka."

Siku nyingine angecheka. Lakini ndani ya mkoba wa shule wa Chiriku kulikuwa na barua aliyoisoma mara nne tangu jana. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa ameandika kwamba mtoto anarudisha chakula chake cha mchana kila siku, na akiulizwa anasema kina moshi. Chini yake kulikuwa na muhuri wa ofisi ya ustawi ya chuo. Mama wa ustawi angefika Ijumaa saa kumi jioni, saa ya kupika, aone mtoto anakula nini na anapikiwa vipi.

Fundi rangi alijua maana ya ziara kama hiyo. Chumba kile chenye vitanda viwili na meza moja walipewa kwa sababu walikuwa na faili la familia. Mkewe, mshonaji, alikuwa amekwama nchini kwao akingoja karatasi moja tu, kibali cha kuwafuata, na karatasi hiyo ilikuwa ndani ya faili hilohilo. Ofisi ikiamua kwamba mtoto hatunzwi vizuri, Chiriku angerudishwa nyumbani, faili lingefungwa, na mama mtu asingekuja tena. Angebaki yeye peke yake na diploma yake ya kupaka magari rangi, miaka miwili, mezani peke yake.

"Toka huko," alisema. "Nitakupikia uji."

"Hapana, baba," Chiriku alijibu haraka mno. "Nimeshashiba sukari."

---

Jioni ile alisimama katika jiko la pamoja la ghorofa ya tatu, simu ameiegemeza kwenye pakiti ya chumvi, daftari la chuo likiwa wazi pembeni. Jiko lilikuwa na meko sita, makabati sita yenye kufuli, na kule juu darini king'ora cha moshi kikimkodolea kijicho chake chekundu. Chiriku alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akichora.

Upande wa pili wa simu mkewe alikuwa kwenye mapumziko ya kiwanda. Cherehani zilinguruma nyuma yake.

"Vitunguu umetia?"

"Nimetia. Viwili. Kila kimoja gramu tisini."

"Umevipima?"

"Si umesema viwili vya wastani?"

"Baba Chiriku, unapika au unafungua duka la dawa?"

"Wewe nipe dakika tu. Dakika ngapi?"

"Mpaka vinukie."

"Hilo nimeshaliandika tangu wiki iliyopita. Liko hapa: 'mpaka vinukie.' Ni dakika ngapi?"

"Mimi sijawahi kumwangalizia kitunguu saa!" Mshonaji alivuta pumzi. "Sikiliza. Vikinukia vizuri, tia nyanya. Harufu ya ubichi ikitoka kwenye nyanya, tia maharage. Basi. Hata mtoto anaweza."

"Nipe rangi."

"Rangi ya kahawia."

"Kahawia ipi? Mimi nazijua kumi na nne."

"Mungu wangu, nipe subira na mwanaume huyu." Akafikiri. "Kama mkoba wangu wa harusi."

"Ule haukuwa kahawia, mama. Ule ulikuwa rangi ya mchanga uliolowa."

Mshonaji alicheka bila kupenda, kisha kengele ya kiwanda ikalia. "Nakwenda. Punguza moto, halafu unuse. Unuse, Baba Chiriku! Pua Mungu alikupa ya kuwekea miwani?"

Simu ikakatika. Fundi rangi akabaki na sufuria.

Jambo ambalo mkewe hakulijua, wala mtu mwingine yeyote, ni kwamba pua hiyo ilikuwa imekufa. Miaka mingi ya kupuliza rangi katika gereji isiyo na madirisha, barakoa moja wakigawana watu watatu, thina ya kuzimulia rangi ikiwaka kichwani kila asubuhi. Mwanzoni thina ilimtoa machozi. Baadaye ikawa haimfanyi kitu, akafurahi, akadhani amekuwa fundi kamili. Alipogundua kwamba hata mafuta ya taa hayamnukii, akanyamaza, kwa kuwa gerejini aliyepoteza pua aliondolewa kwenye kuchanganya rangi, akapelekwa kuosha magurudumu. Na fomu ya ufadhili ilipouliza kama mwombaji ana upungufu wa kuona, kusikia au kunusa, alitia alama kwenye hapana mara tatu, ya tatu akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Sasa aliinama juu ya sufuria akitafuta rangi. Juu vitunguu vilikuwa vimependeza, vya manjano, vinang'aa. Alivihesabia sekunde kwa sauti ya chini. Lakini jicho huona juu, na kinachoungua huungua chini.

"Baba," alisema Chiriku, pua ameikunja.

"Ngoja, nahesabu."

"Baba, lakini..."

"Nimesema ngoja!"

King'ora kikapasua jengo zima.

---

Walisimama kwenye baridi, watu arobaini na kitu, mbele ya jengo. Mwanamke mmoja alikuwa na dawa ya nywele kichwani ikimchuruzika shingoni. Mtoto mchanga alikuwa amefungwa kwenye taulo. Mwanaume mmoja alikuwa amenyoa ndevu upande mmoja, upande wa pili bado una povu.

Msimamizi wa jengo alitoka akiwa ameshika sufuria kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama amemkamata panya.

"Hii ni ya nani?" aliuliza, ingawa alikuwa ameshamtazama mwenyewe.

"Yangu, bwana. Naomba radhi."

"Mara ya pili mwezi huu. Ya tatu nachukua ufunguo wa jiko. Si mimi, ni sheria."

"Nimeelewa."

"Ulikuwa umetoka?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Hapo hapo. Mbele ya sufuria."

Msimamizi aliishusha sufuria chini. "Bwana, mimi nilikuwa ofisini, ghorofa ya chini, mlango nimefunga. Harufu imenifikia kabla ya king'ora. Wewe umesimama juu yake hukuisikia?"

"Nilikuwa na mawazo."

"Mwambie siku nyingine apike hayo mawazo," alisema mwenye povu. "Hayatoi moshi."

Watu wakacheka, hata mwenye dawa kichwani. Fundi rangi naye alicheka, kicheko cha mtu anayetaka yaishe. Chiriku hakucheka. Alikuwa ameshika kidole cha baba yake na kumtazama usoni, kwa makini, kama anavyotazama mwalimu akiandika ubaoni.

---

Jumatano walikula mkate na mayai ya kuchemsha, maana yai la kuchemsha haliunguzi mtu roho. Alhamisi mkate ulikwisha. Jikoni fundi rangi hakutaka kwenda. Kila akipita mlango wa jiko aliona kama kile kijicho chekundu kinamjua kwa jina. Akakumbuka kulikuwa na maharage ya Jumatatu. Friji la pamoja lilikuwa limejaa siku ile, hivyo aliyaweka kwenye rafu ya chumbani, juu ya bomba la joto, akayafunika vizuri.

Akayafunua, akayatazama kwa jicho la kazi. Rangi ilikuwa sawa. Mchuzi ulikuwa umeshikana, una mng'ao. Akayapasha moto kidogo kwenye birika pana la umeme, akapakua sahani mbili, akavuta kiti.

Chiriku aliivuta sahani, kisha akaisukuma.

"Sitaki."

"Kwa nini?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hewa?" Fundi rangi alikuwa amechoka. Asubuhi alikuwa na mtihani wa vitendo, mchana alifua, na tangu Jumanne kila mtu aliyekutana naye kwenye ngazi alimuuliza leo anapika nini, ili avae koti. "Nisikilize wewe. Kesho anakuja yule mama. Atakuuliza, unakula? Utamjibu nini? Kwamba baba anapika, wewe unakataa? Watafunga faili. Faili likifungwa mama haji. Ndivyo unavyotaka, mama asije?"

Ulikuwa mzigo mkubwa kuutwika kichwa kidogo namna ile, na alijua hivyo wakati maneno yanamtoka. Hakuyarudisha.

Chiriku akachukua kijiko. Akala kimoja. Akala cha pili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini hakutoa sauti. Alimeza bila kutafuna, macho kwa baba yake. Baba mtu, ili kumwonyesha mfano, alimaliza sahani yake yote na kuikomba.

Kijiko cha nne kilirudi pamoja na vyote vilivyotangulia. Vilimwagika mezani, kwenye daftari la chuo, kwenye mapaja ya baba.

Alimwosha. Alimbadilisha nguo. Akapiga magoti kufuta sakafu. Alipomaliza, Chiriku alikuwa amekaa kitandani, amejifunga blanketi, anatetemeka kidogo.

"Baba, kwani kwako hayakunuka?"

"Nini hayakunuka?"

"Maharage. Yananuka kama tambara la deki."

Fundi rangi alikwenda mezani, akaliinamia birika, akavuta hewa kwa nguvu zote mpaka mbavu zikamuuma. Hakuna. Kama kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Na juzi vitunguu hukuvisikia," Chiriku aliendelea, kwa sauti ya mtu anayehesabu tu. "Na yale maziwa. Na kiatu changu kilipokanyaga mavi ya mbwa ukakiweka kwenye mto wako." Akalivuta blanketi mpaka kidevuni. "Ndiyo maana nasema nimeshiba. Ili usipike. Ukipika kile kitu kinalia, watatufukuza."

Tumbo la fundi rangi lilianza kunguruma. Hakujua kama ni maharage au ni aibu.

---

"Mama Chiriku, nina jambo."

"Umeunguza tena."

"Sisikii harufu."

"Una mafua?"

"Sina mafua. Sisikii kabisa. Miaka minane sasa."

Cherehani peke yake ziliendelea.

"Sisi tumeoana miaka saba," alisema mshonaji polepole.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kila jioni. Kila jioni unafungua mlango, unavuta pumzi pale kizingitini: 'Leo umenikomesha, mke wangu, harufu naisikia tangu kule kona.'"

"Nilikuwa nakuona umesimama jikoni."

"Na yale manukato niliyonunua kwa nusu mshahara? Ukasema yamekulevya."

"Niliiona chupa mezani."

"Aliiona chupa!" Mshonaji aliziambia cherehani. "Jamani, mume wangu aliiona chupa!" Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu mwingine. "Nikuulize. Nilipokuwa zamu ya usiku, ukibaki na mtoto mchanga na mtungi wa gesi, gesi ingevuja ungejuaje?"

Alikuwa ameshajiuliza swali hilo miaka sita iliyopita, akaenda akasogeza mtungi karibu na dirisha, akaona ametimiza.

"Niliogopa utaniona nusu mtu," alisema mwishowe.

"Nakuona nusu mtu sasa hivi, na wala si kwa sababu ya pua. Amekula hayo maharage?"

"Ameyatapika."

"Ulimlazimisha?"

Akaligeuza daftari la chuo, upande ulioloa ukae chini.

"Mpe simu mwanangu."

Chiriku akachukua simu kwa mikono miwili. Fundi rangi alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Ndiyo mama... Kibichi kinachoma machoni... Ndiyo, halafu kinakuwa kitamu... Kama mikate ya asubuhi... Nyanya mbichi inanuka kama majani... Sawa... Sawa... Hapana, sitagusa moto. Nasimama mbali... Hapana, simchukii." Akamrudishia baba yake.

"Kesho," mshonaji alisema, "macho ni yako, pua ni ya mtoto. Akisema sasa, ni sasa. Usimwambie ngoja. Na huyo mama akija, umwambie kabla hajauliza."

"Nikimwambia watatazama fomu. Nimeandika hapana."

"Waitazame. Mwongo wa fomu nitamvumilia. Mwongo anayemlisha mwanangu vilivyooza simvumilii." Kengele ikalia. Hakukata simu. "Baba Chiriku."

"Naam."

"Kunywa maji mengi. Hilo tumbo nalisikia mpaka huku."

---

Ijumaa alasiri fundi rangi alirudia sentensi yake bafuni mara kumi, mbele ya kioo. Mama, kuna jambo ningependa ulifahamu. Kuna jambo, mama, ningependa. Ilikuwa sentensi nzuri, imenyooka, haina doa.

Saa tisa na nusu waliingia jikoni. Chiriku alisimama juu ya ndoo, hatua tatu kutoka kwenye moto, mikono nyuma kama askari wa zamu.

"Bado," alisema. "Bado vinachoma macho... Bado... Vinaanza kuwa vitamu. Baba, sasa."

Nyanya ikaingia ikichachatika. Fundi rangi akaangalia sufuria, akaona rangi aliyoitafuta wiki tatu bila kuijua. Akaitazama vizuri, aishike kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu afike mji ule, alijikuta anapiga mluzi.

Mama wa ustawi alifika dakika kumi kabla ya saa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye viatu vya kutembelea na mfuko wa mafaili, mpole wa sura, mwenye kalamu iliyokuwa tayari wazi. Nyuma yake alikuja msimamizi na bunda lake la funguo. Hakuna aliyemwita.

"Endelea, baba, endelea, mimi usinijali," alisema mama wa ustawi, akasogea mpaka karibu na meko. Aliuliza mtoto analala saa ngapi. Anaoga lini. Meno je. Fundi rangi alijibu vyote, akitia maharage na kukoroga. Kalamu iliandika. Kisha ikasimama.

"Na chakula? Mwalimu wake anasema kina moshi."

Ndiyo hiyo nafasi, imekuja yenyewe, imesimama mbele yake. Fundi rangi aligeuka, akauacha mwiko, akafungua mdomo. Sentensi ilikuwepo. Aliiona yote.

"Nilikuwa bado najifunza, mama," alisema. "Sasa nimezoea."

"Umezoea!" Msimamizi akacheza na funguo. "Jumanne tulikuwa wote nje kwenye baridi."

"Ilikuwa bahati mbaya tu. Nilikuwa na mawazo ya masomo. Unajua mitihani, mama, mtu unaweza kuwa hapa na hupo, lakini sasa nimejipangia, nina daftari, ngoja nikuonyeshe..." Na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuipa sufuria mgongo. Maharage yalikuwa yamekunywa maji yote.

"Baba, zima!"

Hakuuliza. Hakusema ngoja. Mkono ulifika kwenye swichi kabla kichwa hakijageuka, akaiondoa sufuria na kuiweka kando. Wote wanne wakatazama juu. Kijicho chekundu kilikonyeza mara moja, kikatulia.

Mama wa ustawi alimtazama mtoto kule kwenye ndoo, kisha sufuria, kisha baba. Alikuwa amesimama karibu na moto kuliko Chiriku, na harufu ndiyo kwanza ilikuwa inamfikia.

"Baba," aliuliza, bila ukali, "wewe hukusikia?"

Fundi rangi alifuta mikono kwenye suruali. "Mimi, mama..." alianza. "Mimi ni kwamba..." Midomo ikaendelea kusogea, haikutoa kitu. Msimamizi aliacha kuchezea funguo. Kalamu ilikuwa hewani, juu ya karatasi, inangoja.

Chiriku akashuka kwenye ndoo, akaja akasimama kati ya baba yake na yule mama, na akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye korido:

"Baba hasikii harufu, kwa hiyo mimi namnusia."